Kuunganisha Kadi ya CGA na Monita ya Leo kwa Kibao cha Raspberry Pi Pico

Kompyuta ya IBM PC ilipotoka mwaka 1981, mnunuzi aliyetaka picha za rangi aliongezewa kadi iitwayo CGA, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 na tundu la pini 9 upande wa nyuma. Kadi hizo, pamoja na nakala zake nyingi zilizotengenezwa na viwanda vingine, bado zinafanya kazi hadi leo. Kinachoadimika ni monita. Monita za kichogo za wakati ule zinakufa moja baada ya nyingine, vipuri vyake havipatikani, na mwenye kompyuta anaishia kuiona mashine nzima kuwa taka ilhali ubao mama, prosesa na kadi ya picha ni vizima. Mimi ninatunza mashine ya aina ya XT, mrithi wa IBM PC hiyo, yenye prosesa ya 8088, na sikuwa tayari kuiacha ikae kimya kwa sababu ya kioo. Adapta ninayoieleza hapa inachukua picha ya CGA jinsi inavyotoka kwenye kadi na kuipeleka kwenye monita bapa ya kawaida yenye tundu la VGA (kiwango cha analogi cha kuunganisha kompyuta na monita), bila kupoteza hata pikseli moja.

Monita bapa kwa kawaida hazikubali picha ambayo mistari yake inakuja kwa kasi iliyo chini ya 30 kHz hivi, yaani mistari elfu 30 kwa sekunde. VGA yenyewe hutuma mistari yake kwa 31.5 kHz, na CGA hutuma kwa 15.7 kHz, yaani nusu ya inayotakiwa. Ukibadilisha umbo la plagi tu na kuunganisha waya kwa waya, monita itaandika kwamba masafa hayafai, kisha itazima taa yake ya nyuma. Hata kama kasi zingelingana, lugha yenyewe ni tofauti. VGA hupeleka rangi kwa volti zinazopanda na kushuka kati ya 0 na 0.7, ilhali CGA hupeleka biti nne tu, kila moja ikiwa imewaka au imezimwa: nyekundu, kijani, bluu na mwanga. Biti hiyo ya nne huing'arisha rangi yoyote iliyopo, na ndiyo inayozalisha rangi 16 kutokana na 8.

Vipo vibao vya bei nafuu vilivyokusudiwa mashine za michezo za kumbini, na watu wengi huvitumia kwa kazi hii. Sivipendekezi kwa CGA. Vibao hivyo havina mahali pa kuingiza biti ya mwanga, kwa hiyo inabidi uichanganye na rangi nyingine kwa rezista kabla ya kuingiza. Kisha vinaichukulia picha ya kidijitali kana kwamba ni ya analogi, na kuipima kwa saa yao wenyewe isiyolingana na saa ya kadi. Matokeo ni herufi zenye kingo za ukungu na safu ambazo baadhi ni nene na nyingine nyembamba. Kadi ilishatoa pikseli safi zilizohesabika. Kuzikisia upya wakati zinaweza kusomwa moja kwa moja ni kuiharibu kazi ya waliobuni kadi hiyo.

Ili kuzisoma, lazima kwanza ujue zinakuja lini. Ubao mama wa IBM PC ulikuwa na kristali moja (kipuri kinachotoa mapigo ya saa) ya 14.31818 MHz, na karibu kila kitu kilitoka humo. Ukiigawa kwa 3 unapata 4.77 MHz, ambayo ndiyo kasi ya prosesa. Ukiigawa kwa 4 unapata 3.58 MHz, masafa ya rangi ya televisheni za Marekani, na hiyo ndiyo sababu ya kuchagua namba hiyo ya ajabu tangu mwanzo. Ukiigawa kwa 12 unapata kasi ya kipima muda cha mashine. Na bila kuigawa kabisa, ndiyo saa ya pikseli ya CGA katika modi ya upana wa pikseli 640. Kila mstari una mapigo 912 ya saa hiyo, 640 yakiwa ya picha na yaliyobaki yakiwa ya kingo, giza na pigo la kuanzisha mstari mpya. Fremu nzima ina mistari 262, na 200 kati ya hiyo ndiyo inayobeba picha. Ukipiga hesabu unapata fremu 59.92 kwa sekunde.

Namba hiyo ya 262 ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. VGA ya 640 kwa 480 ina mistari 525 kwa fremu. Ukiandika kila mstari wa CGA mara mbili unapata 524. Tofauti ni mstari mmoja tu, na kasi ya mistari inakuwa 31.4 kHz, jambo ambalo monita nilizojaribu hazikulalamikia hata kidogo. Zote ziliitambua picha kuwa ni 640 kwa 480 ya 60 Hz. Kwa hiyo adapta haihitaji kuhifadhi fremu nzima. Inahitaji kumbukumbu ya mistari miwili tu: mmoja unajazwa kutoka kwenye kadi wakati ule uliotangulia unatolewa mara mbili kwenda kwenye monita, kisha nafasi zinabadilishana, kama watu wawili kisimani ambao ndoo moja ikiteremka nyingine inamiminwa.

Njia ya pili, ya kuhifadhi fremu nzima, inawezekana pia, kwa kuwa pikseli 640 kwa 200 za biti nne ni baiti 64,000 tu. Faida yake ni kwamba monita haipotezi picha hata kadi ikinyamaza kidogo inapobadilisha modi. Hasara yake ni kwamba kadi inaenda kwa 59.92 Hz na VGA ya kawaida kwa 59.94 Hz, na fremu mbili zisizoenda pamoja lazima zipitane. Kila baada ya dakika moja hivi mstari wa mpasuko unatambaa juu ya picha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa anayeandika barua hilo si kitu. Kwa mchezo ambao mandhari yake yanasogea ni kero ya wazi. Nilichagua kurudufu mistari, kwa sababu picha inachelewa kwa mstari mmoja tu, mikrosekunde 64, na haipasuki kamwe kwa kuwa saa ya monita imefungwa kwenye saa ya kadi. Gharama yake naikubali: programu inapobadilisha modi, kioo kinakuwa cheusi kwa muda mfupi hadi monita ijipange upya.

Moyo wa adapta ni kibao cha Raspberry Pi Pico, kilichotoka mwaka 2021 kwa bei ya dola 4. Chipu yake ya RP2040 ina prosesa mbili na kumbukumbu ya kilobaiti 264, lakini kilichonivutia ni sehemu iitwayo PIO. Hizo ni mashine nane ndogo, tofauti na prosesa, ambazo kila moja huendesha programu fupi ya maagizo machache na kutekeleza agizo moja kwa kila pigo la saa bila kukatizwa na chochote. Prosesa ya kawaida ikiambiwa isome pini kila baada ya nanosekunde 69.8 itakosa mara kwa mara, kwa kuwa ina mambo mengine ya kushughulikia. Mashine ya PIO haikosi. Inasubiri ukingo wa pigo la mstari, inahesabu, inasoma pini nne kwa pamoja, na kukabidhi data kwa DMA (sehemu ya chipu inayohamisha data bila kuisumbua prosesa) ipeleke kwenye kumbukumbu.

Pini za Pico ni za volti 3.3 na hazikuundwa kuvumilia volti 5 za dunia ya TTL, yaani chipu za kidijitali za zamani. Kati ya kadi na kibao niliweka chipu ya 74LVC245 inayolishwa volti 3.3, kwa sababu familia ya LVC inapokea volti 5 kwenye pini za kuingilia bila kudhurika. Mawimbi sita yanapita humo: pini ya 3 nyekundu, ya 4 kijani, ya 5 bluu, ya 6 mwanga, ya 8 pigo la mstari na ya 9 pigo la fremu; pini ya 1 na ya 2 ni za ardhi. Tundu la CGA halitoi umeme, kwa hiyo kibao kinalishwa na chaja ya simu kupitia tundu lake la USB.

Suala zito zaidi lilikuwa saa. Pico inakuja na kristali ya 12 MHz, na masafa ambayo chipu inaweza kuyatengeneza kutokana nayo hayaangukii kwenye namba ya IBM. Nikitaka mapigo nane ya chipu kwa kila pikseli, nahitaji 114.545 MHz. Bila kuigawa kwanza kristali hiyo, kilicho karibu zaidi ni 114.667 MHz, yaani kosa la sehemu moja katika elfu. Kosa hilo linaonekana dogo hadi ukumbuke kwamba mstari una mapigo 912: ukianza kusoma katikati ya pikseli upande wa kushoto, ukifika mwisho wa mstari umeshateleza kwa karibu pikseli nzima. Herufi za safu ya kwanza zingekuwa safi na za safu ya 80 zingemeta.

Suluhisho lilikuwa kuibadilisha kristali yenyewe. Kristali ya 14.318 MHz ni miongoni mwa vipuri vilivyojaa zaidi duniani, kwa kuwa ubao mama wa PC wa miaka mingi baada ya IBM uliendelea kuibeba kwa ajili ya chipu ya saa. Mafundi wengi wana mbao zilizokufa zimerundikwa kwenye boksi. Humo ndimo nilimoitoa yangu. Chipu ya RP2040 inakubali kristali hadi 15 MHz. Ukiizidisha 14.31818 kwa 80 kisha ukaigawa kwa 10, unapata 114.545 MHz kamili, na hata huhitaji kuisukuma chipu kupita kiwango chake cha awali cha 133 MHz. Jambo la kuzingatia ni kwamba upakiaji wa programu kwa USB unategemea kristali ya 12 MHz, kwa hiyo baada ya kubadilisha, programu inaingizwa kwa pini tatu za SWD (njia ya kuifikia chipu moja kwa moja) zilizo mwishoni mwa kibao. Kristali ya asili ni ndogo kuliko punje ya mchele. Iondoe kwa hewa ya moto, uikate miguu ya hiyo mpya iwe mifupi kadiri inavyowezekana, na uilehemu karibu sana na chipu. Anayetaka usahihi wa mwisho kabisa angeweza kuichukua saa ya kadi moja kwa moja kwenye pini B30 ya nafasi ya kadi, lakini mimi nilitaka adapta inayokaa nje, ambayo mtu anaichomeka bila kufungua mashine yake.

Kristali mbili za namba moja bado hazilingani kikamilifu, lakini tofauti inakuwa ya sehemu chache katika milioni, na kila pigo la mstari linaanzisha hesabu upya. Kilichobaki ni kuchagua mahali pa kusoma ndani ya pikseli. Niliweka vitufe viwili vinavyosogeza usomaji mbele au nyuma kwa moja ya nane ya pikseli. Jaribio lake ni rahisi na halina huruma: katika modi ya 640 kwa 200 unachora mistari ya wima, mmoja mweupe, mmoja mweusi, hadi kioo kijae. Usomaji ukiangukia ukingoni, sehemu ya kioo inatetemeka na kugeuka kijivu chenye madoa. Ukibonyeza kitufe mara moja mtetemo unapungua. Ukibonyeza tena, mistari yote 320 inasimama wima na kutulia, kuanzia ukingo wa kushoto hadi wa kulia. Kuona hivyo kwenye kioo bapa, kutoka kwa kadi ya muundo wa mwaka 1981, kuliniridhisha kuliko mchezo wowote niliouendesha baadaye.

Upande wa kutoa una hila yake. Monita bapa inayopokea VGA inaipima picha kwa mapigo 800 kwa kila mstari, kwa kuwa ndivyo kiwango kinavyosema. Ningetoa pikseli kwa mdundo wa CGA wa mapigo 912, monita ingezipima 640 zangu kama 561 na kuzichafua zote. Kwa hiyo upande wa kutoa nimeugawia saa kwa 4.56, kitu ambacho PIO inakiweza kwa kuwa kigawanyo chake kinakubali sehemu za 256. Ukingo wa pikseli unayumba kwa pigo moja la chipu, nanosekunde 8.7 ndani ya pikseli ya nanosekunde 39.8, na monita inayosoma katikati ya pikseli haiuoni myumbo huo. Kwenye monita nyingine itabidi uingie kwenye menyu na kurekebisha fazi, yaani mahali monita inaposomea ndani ya pikseli.

Rangi ya kahawia inastahili aya yake, kwa sababu adapta nyingi huikosea. Kwa hesabu ya kawaida, nyekundu na kijani bila mwanga zinatoa manjano iliyochujuka, rangi ya haradali isiyopendeza. IBM hawakuitaka. Ndani ya monita yao ya 5153 waliweka saketi inayoitambua rangi namba 6 peke yake na kupunguza kijani chake kwa nusu, na ndipo ikawa kahawia. Maana yake ni kwamba kahawia haimo kwenye waya. Imo kwenye monita, na monita ikifa inaondoka nayo. Programu za DOS zilichorwa na watu waliokuwa wanaona kahawia: mbao za meza, udongo, mashina ya miti. Adapta isiyoirudisha inaonyesha picha ambayo wachoraji wake hawakuiona kamwe. Kwenye programu yangu hilo ni badiliko la namba moja katika jedwali la rangi 16, na hakuna sababu ya kuliacha.

Kila rangi inatoka kwa biti mbili zinazopita kwenye rezista mbili, ya oumu 430 kwa biti kubwa na ya oumu 820 kwa biti ndogo, zikikutana kwenye waya wa VGA wenye oumu 75 upande wa monita. Zote mbili zikiwaka, volti ni 0.69, kubwa ikiwaka peke yake ni 0.455, karibu kabisa na theluthi mbili. Mapigo ya mstari na fremu yanakwenda moja kwa moja bila rezista, yakiwa yamegeuzwa kuwa hasi kama VGA inavyotaka. Kugeuza pikseli za biti nne kuwa biti sita hufanywa na prosesa ya pili peke yake: inachukua baiti moja yenye pikseli mbili, inaitafuta kwenye jedwali la nafasi 256, na kupata pikseli mbili zilizo tayari kutoka. Inao mapigo 7,296 kwa kila mstari na kazi ya kutafuta mara 320, kwa hiyo inamaliza mapema na kusubiri.

Nilichagua VGA badala ya HDMI kwa makusudi. Monita za mtumba zinazouzwa madukani Dar es Salaam bado nyingi zina tundu la VGA, na zile za umbo la 4:3, ambazo wengine hawazitaki tena, ndizo zinazofaa zaidi kwa kazi hii. Hapo kuna jambo ambalo sijaridhika nalo. Mistari 400 ndani ya 480 inaacha mikanda myeusi juu na chini, na picha inabonyea. Lugha ya programu ya BASIC ya wakati ule ilijua kwamba pikseli za modi ya 320 kwa 200 ni ndefu kuliko upana wake, na amri yake ya kuchora duara ilifidia kwa uwiano wa 5 kwa 6 ili duara lionekane duara kwenye kioo cha 4:3. Kwenye adapta yangu duara hilo linakuwa yai lililolala. Kulirekebisha kwa programu kungehitaji kurudia baadhi ya mistari mara mbili na mingine mara tatu, na herufi zenye urefu wa pikseli nane zingekuwa na milia isiyolingana unene. Naona hilo ni baya zaidi. Monita ambazo menyu yake inaruhusu kurefusha picha kwa wima zinalitatua vizuri, na ndizo ninazozitafuta sasa.

Hatua inayofuata ni EGA, kadi ya picha ya IBM iliyoifuata CGA. Modi yake ya mistari 350 inakwenda kwa 21.8 kHz, na kuirudufu kunatoa 43.7 kHz, kasi isiyo ya kiwango chochote ambacho monita bapa inakitarajia, kwa hiyo huko fremu nzima lazima ihifadhiwe. Pikseli 640 kwa 350, kila moja ikipewa baiti yake, ni baiti 224,000, na bado zinaingia ndani ya Pico. Modi inatambulika kwa mwelekeo wa pigo la fremu, chanya kwa mistari 200 na hasi kwa mistari 350, kama monita za IBM zilivyokuwa zikifanya. Anayetaka kutangulia kujaribu kwa saketi hii niliyoieleza akumbuke jambo moja kabla ya kuchomeka: pini ya 2, ambayo kwenye CGA ni ardhi, kwenye EGA inabeba biti ya pili ya nyekundu, na ikiachwa imeunganishwa na ardhi kadi itakuwa inasukuma mkondo wake moja kwa moja kwenye shoti. Ikate kwanza, uipitishe kwenye 74LVC245 pamoja na zile nyingine, na pini ya 7 vilevile, ambayo hubeba biti ya pili ya bluu.